Mbiu ya Giza: Tezi ya Pineali Hufanya Nini Hasa Usiku?

Wiki iliyopita shangazi yangu alinitumia video ya dakika nne. Ndani yake mtu mwenye sauti nzito anaeleza kuwa katikati ya ubongo kuna tezi ndogo, "jicho la tatu", ambayo simu inaiua polepole. Ikifa, anasema, binadamu halali tena, haoti tena, na hata maombi yake hayafiki mbali. Chini ya video shangazi ameandika: "Mwanangu, hii ni kweli? Maana usingizi wenyewe sina."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Katika zile dakika nne kulikuwa na mambo matatu ya kweli yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja na uongo mwingi, na kifurushi hicho hakifunguliwi kwa ujumbe mmoja wa simu. Tezi ipo. Mwanga huigusa kweli. Na usiku ndio wakati wake wa kazi. Ila kwetu si jicho, si saa, wala si mashine ya usingizi.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wahenga walisema. Mbiu ilikuwa pembe iliyopulizwa ili watu wakusanyike wasikie habari. Mpiga mbiu haamui jambo. Anaambiwa puliza, anapuliza, anaambiwa nyamaza, ananyamaza. Na wanaoisikia hawafanyi kitu kimoja: mmoja anafunga mlango, mwingine anatoka na rungu. Tezi ya pineali ni mpiga mbiu wa namna hiyo. Habari anayoitangaza ni moja tu, kwamba usiku umeingia.

Maneno machache kwanza

Homoni ni ujumbe wa kikemikali. Tezi huutengeneza na kuumwaga ndani ya damu, damu ikausambaza mwili mzima, na seli yoyote yenye kipokezi chake ikausoma. Tezi ya pineali ni mojawapo ya tezi hizo. Jina lake limetokana na tunda la msonobari, kwa sababu ya umbo la koni. Kwa binadamu ina ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, na uzito wa kitu kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Iko karibu na kitovu cha ubongo, na ni moja tu, wakati sehemu nyingi za ubongo zimekuja mbili mbili, kulia na kushoto. Upweke huo ulimvutia mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, ambaye katika karne ya 17 aliipa heshima ya kuwa makao makuu ya roho. Kwa hiyo video ya shangazi ina ukoo mrefu.

Homoni ya tezi hii inaitwa melatonini.

Neno la mwisho ni mdundo wa siku. Huu ni mwendo wowote wa mwili unaopanda na kushuka takriban kila baada ya saa 24, na unaoendelea hivyo hata mnyama akifungiwa mahali pasipo na jua wala saa ya ukutani. Msisitizo uko kwenye hilo la mwisho. Kitu kinachopanda kwa sababu jua limetoka na kushuka kwa sababu limezama ni kivuli cha jua tu. Mdundo ni kile kinachobaki jua likiondolewa.

Melatonini ina mdundo wa wazi kuliko karibu homoni nyingine yoyote. Mchana kiasi chake katika damu ni kama hakuna. Jioni, kama saa mbili kabla ya muda ambao mtu amezoea kulala, huanza kupanda. Hufika kileleni kati ya saa nane na saa kumi usiku, halafu hushuka kuelekea alfajiri. Tofauti kati ya usiku na mchana ni ya mara kumi au zaidi. Tezi yenyewe haina ghala la kuiwekea akiba. Ikitengenezwa tu inavujia kwenye damu, na ndani ya muda usiofika saa moja nusu yake imeshaondolewa na ini. Ndiyo maana kipimo cha damu ni kama kusikiliza mbiu ikilia papo hapo. Kinachosikika sasa kimepulizwa sasa.

Daktari wa ngozi aliyekosa alichokitafuta

Habari ya melatonini ilianzia kwenye ngozi, na hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, McCord na Allen, waliwalisha viluwiluwi tezi za pineali za ng'ombe. Viluwiluwi wakapauka ghafla, ngozi ikawa nyepesi mpaka viungo vya ndani vikaonekana. Kulikuwa na kitu humo, ila kwa miaka 40 hakuna aliyekikamata.

Aliyekikamata ni Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958. Alikuwa akitafuta chanzo cha mbalanga, yale mabaka meupe yanayojitokeza ngozini, akadhani kitu kinachowapausha viluwiluwi huenda ndicho kinachowapausha watu. Alichambua tezi za ng'ombe kwa maelfu ili kupata chembe ya kitu chenyewe, akakipa jina melatonini. Kwa mbalanga hakikuwa na maana yoyote. Daktari alikosa dawa yake, sisi tukapata homoni.

Kilichofuata kilikuwa kujua inavyotengenezwa, na hapo inabidi tuingie ndani ya seli kidogo. Fikiria chumba cha ushonaji. Mchana kutwa watu wanakata vitambaa na kuvipanga mezani. Malighafi ni triptofani, kitu tunachokipata kwenye protini za chakula, na vitambaa vilivyokatwa ni serotonini, ambayo wengi wanaijua kama kemikali ya furaha lakini hapa ni bidhaa ya katikati tu. Mwaka 1963 mtafiti aitwaye Quay alipima tezi za panya akakuta serotonini imerundikana mchana na kuporomoka usiku. Vitambaa vipo tele. Mshonaji ndiye haji mpaka giza liingie.

Mshonaji huyo ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko moja la kikemikali. Kifupi chake ni AANAT. Akifika, anaibadilisha serotonini kwa hatua moja, kimeng'enya kingine kinamalizia, na melatonini iko tayari. Mwaka 1970 David Klein na Joan Weller, katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, walipima kazi ya mshonaji huyu katika tezi za panya saa hadi saa. Usiku ilikuwa zaidi ya mara 15 ya mchana.

Halafu wakafanya jambo dogo ambalo kwangu ndilo linaloeleza kila kitu. Usiku wa manane, panya wakiwa gizani na mshonaji akiwa kazini kwa nguvu zote, waliwasha taa. Kazi ya kimeng'enya ikaanguka kwa nusu katika dakika takriban tatu. Dakika tatu nyingine, nusu ya ile nusu. Kabla robo saa haijaisha, hali ilikuwa karibu na ya mchana. Baadaye ikagundulika kwamba kimeng'enya hakipumzishwi, kinavunjwavunjwa. Ndani ya kila seli kuna vinu vya kusagia protini zisizotakiwa, na mwanga unapoingia machoni, ulinzi unaokikinga kimeng'enya dhidi ya vinu hivyo huondolewa. Mbiu inanyamaza kwa sababu mpulizaji ameondolewa jukwaani.

Wanyama hawafanani katika hili. Panya hupika mshonaji mpya kila usiku: jeni inawashwa, maagizo yanaandikwa, protini inajengwa, na hilo huchukua saa kadhaa, ndiyo maana melatonini yake huchelewa kupanda. Kondoo na nyani wana mtindo mwingine, na wa ajabu zaidi. Maagizo yameshaandikwa muda wote. Mchana kutwa mshonaji anaajiriwa na kufukuzwa, anaajiriwa na kufukuzwa, asipate nafasi ya kushona hata pindo moja. Usiku unapoingia kinachobadilika ni kwamba anaacha kufukuzwa. Ni upotevu mkubwa wa nguvu, ungesema, ila faida yake ni kwamba mbiu inaweza kulia mara giza linapoingia, bila kusubiri.

Amri inatoka wapi

Sasa swali la msingi. Tezi iko katikati ya ubongo, ndani ya fuvu, haioni kitu. Inajuaje kuwa ni usiku?

Wanyama wengine wenye uti wa mgongo hawana tatizo hilo. Kwa samaki, ndege na mijusi wengi, tezi yenyewe inahisi mwanga kupitia fuvu, na kwa kuku seli zake zina saa yao ndani. Ukizitoa na kuzilea kwenye chombo cha maabara huendelea kupandisha na kushusha melatonini kwa mdundo. Mnyama wa New Zealand aitwaye tuatara, anayefanana na mjusi, ana kabisa jicho dogo utosini lenye lenzi. Kwa hiyo msemo wa "jicho la tatu" haukuzuka hewani, na hapo naikubali video nusu. Lakini sisi mamalia tuliachana na jicho hilo zamani sana. Seli zetu za pineali bado zina baadhi ya protini za jichoni, kama mtu aliyestaafu anayetunza sare kabatini, ila hazioni chochote.

Kwa mamalia, habari hufuata njia ndefu isiyo na adabu. Inaanzia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na kupita kwenye nyuzi za fahamu hadi kwenye kikundi cha seli zapata 20,000 kilichokaa juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho mawili hupishana. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Ilitambuliwa mwaka 1972 na makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi kivyake. Kutoka hapo ungetegemea habari ivuke sentimita chache tu kufika kwenye tezi. Haifanyi hivyo. Inashuka kwenye shina la ubongo, inaingia kwenye uti wa mgongo, inateremka mpaka usawa wa kifua, inatoka nje, inapanda tena hadi kwenye fundo la neva lililo shingoni, na kutoka hapo inarudi ndani ya fuvu ikifuata mishipa ya damu. Ni sawa na mtu anayetaka kuongea na jirani wa ukuta mmoja, akapitia mtaa wa tatu.

Ushahidi wa njia hii unaonekana kwa watu. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni kiasi cha kukata mawasiliano kabisa hupoteza mdundo wa melatonini; usiku na mchana kiwango kinabaki chini. Aliyeumia chini ya kifua mdundo wake unabaki, kwa sababu ajali yake iko chini ya kona ambayo habari hugeuzia. Ubongo ni ule ule, tezi ni ile ile. Kilichokatika ni waya.

Mwisho wa waya huo, usiku, kinachomwagwa juu ya tezi ni noradrenalini. Ni ndugu wa adrenalini, kemikali ambayo kwingine mwilini hukimbiza moyo na kutoa jasho. Hapa inasema "puliza". Julius Axelrod, ambaye maabara yake ilichangia sana kuifumbua tezi hii, ndiye aliyegawana tuzo ya Nobel ya mwaka 1970 kwa kazi iliyohusu noradrenalini na wenzake. Ikumbuke noradrenalini, tutairudia.

Saa kuu je, inajuaje wakati? Ndani ya kila seli yake kuna jeni zinazotengeneza protini ambazo zikishakuwa nyingi hurudi kuzizima jeni zile zile. Protini zinapochakaa jeni zinawaka tena. Mzunguko huo mmoja huchukua karibu siku nzima. Kazi ya kuutambua, iliyofanywa kwa nzi wa matunda, iliwapa Hall, Rosbash na Young tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kwa binadamu mzunguko una wastani wa saa 24 na dakika kumi na kitu, ndiyo sababu unahitaji kusahihishwa kila siku, na msahihishaji mkuu ni mwanga.

Na kama bado unadhani pineali ndiyo saa, jaribio hili la mwaka 1990 linamaliza ubishi. Kulikuwa na aina ya hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ambao kwa kasoro ya jeni siku yao ilikuwa ya saa 20. Watafiti waliharibu saa kuu ya mnyama mmoja, akapoteza mdundo, wakampandikizia kipande cha saa kuu kutoka kwa mwingine. Mdundo ukarudi, na ulikuwa wa aliyetoa. Mwenye siku ya saa 24 aliyepewa saa ya mwenzake wa saa 20 alianza kuishi siku ya saa 20. Tezi ya pineali hakuna aliyeigusa.

Panya akisikia mbiu, anaamka

Watu wengi huiita melatonini homoni ya usingizi. Jina hilo limeuza vidonge vingi, na limepotosha watu wengi pia.

Mwangalie panya. Yeye hutoka usiku, akala, akakimbia, akachumbia, akalala mchana. Kama melatonini ingekuwa amri ya kulala, yake ingepanda mchana. Haipandi mchana. Inapanda usiku, saa zile zile inapopanda yetu, akiwa katikati ya shughuli zake. Kwa panya mbiu ina maana ya "amka kumekucha", kwetu ina maana ya "jiandae kulala". Ujumbe ni mmoja, desturi za wasikilizaji ni tofauti. Ndiyo maana watafiti hupenda zaidi kuiita homoni ya giza. Cha kuchekesha ni kwamba panya wengi weupe na weusi wadogo wa maabara hawatengenezi melatonini yenye maana kabisa, na bado hulala na kuamka kwa ratiba.

Kwa binadamu ni vivyo hivyo ukichunguza. Kaa macho usiku kucha katika mwanga hafifu, melatonini itapanda kama kawaida bila kujali kwamba hukulala. Lala fofofo saa saba mchana ndani ya chumba chenye pazia zito, haitapanda. Hili la pili ni muhimu zaidi kuliko linavyoonekana. Mwanga unaweza kuinyamazisha mbiu usiku, lakini giza haliwezi kuiita mchana. Saa kuu ndiyo yenye amri ya kupuliza. Mwanga una turufu moja tu, ya kunyamazisha. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayejifungia gizani mchana anapambana na hilo, na hakuna uvivu wowote ndani yake.

Watu walioondolewa tezi kwa upasuaji kwa sababu ya uvimbe nao wana la kusema. Melatonini yao ya damu inatoweka, lakini wengi huendelea kulala usiku. Mbiu inaposhindwa kulia, watu wenye mazoea bado wanaona kumekuwa giza.

Kazi ya wazi kabisa ya mbiu, kwa wanyama wengine, iko mbali na usingizi. Ni kalenda. Usiku mrefu hutoa mlio mrefu, usiku mfupi mlio mfupi, na mwili unapima urefu wa mlio na kujua majira. Mwaka 1965 Hoffman na Reiter walionyesha kwamba hamsta dume akinyimwa mwanga wa kutosha korodani zake hunywea na uzazi husimama, kama vile majira ya baridi yamefika. Lakini akiondolewa tezi ya pineali, korodani hubaki kama zilivyo. Bila mbiu hakuna habari ya baridi. Kondoo wa nchi za baridi husoma ujumbe ule ule kinyume: usiku ukirefuka, ndipo hupandana, ili wanakondoo wazaliwe majani yanapochipua. Wafugaji huwawekea melatonini chini ya ngozi kuwahisha msimu.

Basi simu inaua tezi?

Haiiui. Inaweza kuifanya inyamaze kwa muda, na hata hilo lina vipimo.

Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba mwanga unaweza kushusha melatonini ya binadamu usiku, lakini walitumia mwanga mkali sana wa luksi 2,500 (luksi ni kipimo cha mwanga), mara nyingi zaidi ya taa ya sebuleni. Wengi wakahitimisha kuwa taa za nyumbani hazina neno. Walikosea. Mwaka 2019 watafiti waliwapima watu 55 jioni na kukuta kwamba aliyekuwa mwepesi kuliko wote alipoteza nusu ya melatonini yake kwa luksi 6 tu, kitu kama mwanga wa mishumaa michache, na mgumu kuliko wote alihitaji 350. Kwa hiyo mtu akikwambia taa haimsumbui huenda ni kweli kwake na si kwako.

Rangi nayo ina maana. Mwaka 1998 Ignacio Provencio alikuta kwenye ngozi ya chura protini inayohisi mwanga, akaiita melanopsini, na miaka miwili baadaye ikaonekana ndani ya retina ya binadamu, kwenye seli chache ambazo hazihusiki na kuchora picha. Kazi yao kubwa ni kupima kiasi cha mwanga, na hupenda zaidi buluu. Hii ndiyo inayoeleza jambo lililoripotiwa mwaka 1995 na kushangaza madaktari: baadhi ya vipofu wasioona hata tofauti ya usiku na mchana, melatonini yao hushuka wakimulikwa machoni. Jicho lao halichori picha tena, lakini bado linapima mwanga. Vipofu wengine, ambao seli hizo pia zimekufa, saa yao haisahihishwi. Kila siku inachelewa kidogo, na baada ya wiki kadhaa usiku wa mwili unaangukia mchana wa watu.

Kuhusu skrini, utafiti unaotajwa sana ni wa mwaka 2015. Watu 12 walisoma kwenye kifaa chenye skrini inayong'aa kwa saa nne kila usiku, siku tano mfululizo, kisha wakasoma kitabu cha karatasi kwa mpango ule ule. Skrini ilishusha melatonini kwa zaidi ya nusu na kuichelewesha saa ya mwili kwa saa moja na nusu. Usingizi wenyewe ulichelewa kwa dakika kama kumi. Kila upande wa mabishano huchukua namba inayoupendeza. Mimi naona zote mbili ni za kweli, na kwamba saa nne za mwanga mwingi puani si dakika tano za kusoma ujumbe wa shangazi. Tena asubuhi jua likikupiga, tezi haijapungua hata seli moja.

Video ilitaja pia "mawe" ndani ya tezi. Hayo yapo. Chembe za chokaa huanza kujitokeza humo mapema, watu wazima wengi wanazo, na kwa miaka mingi wapiga picha za eksirei walizitumia kama alama ya kuonyesha katikati ya fuvu pako wapi. Nywele hubadilika rangi na pineali hupata mchanga. Anayekuuzia dawa ya kuusafisha ili ufungue uwezo uliofichika anakuuzia dawa tu.

Vidonge vya melatonini ni jambo jingine. Kwa aliyesafiri kwa ndege hadi nchi ambako saa ni tofauti sana na za kwao, au kipofu ambaye saa yake inateleza, dozi ndogo kwa saa sahihi husaidia kweli, kwa sababu saa kuu nayo husikia mbiu. Ina vipokezi vyake. Tatizo ni saa sahihi, na kilichomo chupani. Uchunguzi wa mwaka 2017 nchini Canada ulipima bidhaa 31 zilizouzwa bila cheti cha daktari: baadhi zilikuwa na melatonini pungufu ya kilichoandikwa kwa asilimia 83, na moja ilizidi kwa asilimia 478. Kumeza mbiu usiyojua ukubwa wake, saa usiyoifikiria, ndiyo maana wengi huamka na kichwa kizito na kusema haifanyi kazi.

Nilimpigia shangazi nikamweleza haya kwa ufupi, naye akanisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri zamu yake. Nikamuuliza anatumia dawa gani siku hizi. Ya presha, akasema, mwaka wa pili sasa. Nikamwomba anisomee jina. Akaenda kutafuta miwani, nikasikia kabati likifunguliwa, akarudi akasoma kwa silabi: a-te-no-lol.

Ile noradrenalini niliyosema tutairudia ndiyo hii. Atenolol ni ya kundi la dawa zinazoziba vipokezi vya beta, ili moyo usisukumwe kupita kiasi. Lakini ni kwenye vipokezi vya aina hiyo hiyo ambapo pineali hupokea amri ya kupuliza. Dawa za kundi hili hushusha melatonini ya usiku, na kukosa usingizi ni lalamiko linalojulikana kwa wanaozitumia. Mwaka 2012 utafiti mdogo uliwapa watu 16 wa aina hiyo melatonini kila usiku kwa wiki tatu, wakawazidi usingizi waliopewa kidonge kitupu kwa zaidi ya nusu saa.

"Kwa hiyo niiache?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Ukiikatisha ghafla moyo unaweza kukuadhibu vibaya. Mwambie daktari maneno mawili tu: siku hizi silali, na dawa ni hii."

Akanyamaza kidogo. "Na simu?"

Ilikuwa saa tano kasoro usiku, na tulikuwa tunaongea kwa video.